Usimwamshe Mlinzi

Usiku wa Mkesha wa Sanaa niliisukuma cherehani yangu mpaka mlangoni, kama nilivyofanya kila usiku, nikaketi juu ya kigoda kungoja habari za baba watoto. Cherehani yangu ni ile ya kukanyaga, chuma kitupu, na kuisogeza peke yako ni kujitafutia ngiri. Lakini komeo letu lilikuwa limepinda, na mkono uliolipinda sijaujua mpaka leo.

Mkono huo haubishi hodi. Unasukuma tu mlango, polepole, kama mtu anayejaribu godoro dukani, unatulia, halafu unasukuma tena. Unasikia pumzi. Ukiuliza "Nani?" hujibiwi. Ukinyamaza, bawaba zinalia. Ndani tulikuwa mimi na binti zangu wawili, mkubwa wa sekondari na mdogo wake ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanang'oka. Baba yao alikuwa kazini, akilinda milango ya watu wengine. Kinyozi hajinyoi, na mtaa mzima ulijua hivyo.

"Si ufuge mbwa?" jirani yangu aliwahi kuniambia. Huyu tunamwita Mama Redio, maana habari ikimwingia asubuhi, mchana imeshafika bombani kabla ya ndoo.

"Mbwa nitamlisha nini?"

"Basi mrudishe mumeo alale kwake. Yeye si unamlisha tayari?"

Alicheka peke yake. Lakini kumrudisha mume wangu nyumbani usiku ndicho kitu nilichokuwa nakililia, na usiku ule, katikati ya mji, yeye mwenyewe alikuwa ameenda kukitafuta. Alikuwa amelala chali juu ya kitanda cha duka la fanicha, ndani ya dirisha la kioo, taa zikimmulika, watu wakipanga foleni kumtazama.

Nieleze ilivyokuwa.

Mume wangu aliingia ulinzi akiwa kijana, kabla hajanioa, na kazi ya ulinzi aliyoijua ni ya usiku tu. Chakula chake cha jioni alikila asubuhi. Alilala mchana, taulo usoni, kwa ubavu, mdomo wazi, akikoroma kama mtu anayeburuta kabati. Wanangu walijifunza kunong'ona kabla ya kujifunza kuongea. Uso wa baba yao uliolala waliujua kuliko uliokuwa macho, na yeye hakuwahi kuwaona wao wakiwa wamelala usiku hata mara moja. Mlango wowote aliopita aliujaribu kitasa mara mbili: anakibonyeza, anavuta, anakibonyeza tena. Hata kwetu. Ndiyo ilikuwa hodi yake. Nikisikia kitasa kinalia mara mbili nilijua ni yeye, na ndipo naisogeza cherehani.

Walinzi wenzake walimwita Bundi. Wengine wangechukia jina la ndege wa mkosi. Yeye alilivaa kama nishani. Maana yake hakuwahi kukamatwa amelala. Siri yake ilikuwa kokoto. Kila jioni, akivaa viatu, aliokota kokoto moja yenye ncha pale mlangoni, akaitia ndani ya kiatu cha kulia, chini ya kisigino. "Usingizi unaanzia miguuni," alikuwa akisema. Soksi zake za kulia zote nimezitia viraka kisigino, na kisigino chenyewe kilikuwa kigumu kama kwato.

Aliyekuwa akiwakamata waliolala ni msimamizi wa doria, mwanamume mwembamba aliyekuwa akitafuna karafuu kwa ajili ya jino bovu. Huyo walimwita Mwewe. Alizunguka malindo kwa pikipiki. Akikaribia alizima injini, akaisukuma kwa mikono ili isisikike. Akikukuta umelala hakuamshi. Anakunyakua kofia tu, kama kifaranga, anaenda zake. Unaamka unapapasa kichwa, baridi. Ndiyo sheria yao: asubuhi kwenye gwaride unatoka mbele kichwa wazi, unasema kwa sauti, "Nililala," wenzako wanapiga makofi, na Mwewe anakurudishia kofia kwa mkono wake. Mkono uliochukua ndio unaorudisha. Bila kofia hupangiwi lindo. Mwewe aliwahi kunyakua kofia ya kila mlinzi wa kampuni ile, na mmoja baadaye akawa bosi wake. Moja tu haikuwahi kumpitia mkononi, na ilimkera kama mfupa wa samaki kooni.

"Bundi," alikuwa akimwambia, "siku moja utachoka."

"Nikichoka nitakuita unishikie kofia," mume wangu alimjibu mbele za watu. Walicheka sana. Hakupaswa kumjibu hivyo.

Sasa, lindo la mume wangu lilikuwa safu ya maduka ya katikati ya mji, na hapo ndipo yule msanii alipomkuta. Ni binti mdogo tu, amevaa ovaroli yenye madoa ya rangi, mpole wa kusema. Alikuja jioni kupima dirisha la duka la fanicha kwa ajili ya Mkesha. Mkesha wa Sanaa hufanyika mara moja kwa mwaka: barabara zinafungwa, wachoraji wanachora juu ya lami, ngoma zinapigwa kwenye ngazi za benki, watu wanacheza maigizo juu ya mapaa, na mji mzima unakesha mpaka kunakucha.

"Baba, wewe huwa hulali kabisa?" alimuuliza.

"Sijawahi."

"Basi nataka ulale."

Mume wangu alidhani Mwewe ndiye amemtuma kumtega. Lakini binti alimweleza. Usiku ambao mji wote unakesha, mlinzi ndiye alale. Angelala ndani ya kile kioo, na sare yake na kofia yake, watu waingie kimya kimya kumzunguka. Angeandika kibao kimoja tu: USIMWAMSHE. Na kwa kuwa jumba la sanaa lilikuwa linatafuta bawabu wa mchana, yeye angemwombea kwa mkurugenzi. Akaja naye mkurugenzi mwenyewe, wakapeana mikono. "Ulale tangu tunafungua mpaka nipige kengele asubuhi," binti alisema, "usifumbue macho, usiseme na mtu. Ukiweza hilo, mlango wa mchana ni wako."

Alikuja kuniambia huku anavua viatu, kokoto ikamdondoka, asiione. "Mchana, mama watoto! Saa kumi na moja jioni niko hapa. Huyo mwenye mkono wake aje anikute mimi."

Meneja wa kampuni alimpa ruhusa, tena kwa furaha, kwa sababu jina la kampuni limeshonwa kifuani na wangeliona watu wengi. Nilimpigia pasi sare. Nikamshonea kifungo kilicholegea.

Ndiyo hiyo habari niliyokuwa naingoja juu ya kigoda.

Ngoma za mjini zilisikika mpaka kwetu, zikipanda na kushuka na upepo. Mdogo alilala. Mkubwa alikuwa anajifanya anasoma. Nilikuwa nimeshaanza kutulia, nikijiambia kulala si kazi ya kumshinda mtu, mlango ulipogongwa kwa kiganja, pa pa pa, sote tukaruka.

"Fungueni! Mumeo nyota, mwenzangu! Nyota!"

Alikuwa Mama Redio, kanga imemdondoka begani, simu mkononi, machozi ya kicheko yanamtiririka. Niliisogeza cherehani akapenya. Video zilikuwa zinaruka simu hadi simu, mtaa mzima umeziona kabla yangu.

Ya kwanza ilikuwa nzuri. Kitanda kikubwa, shuka jeupe, na mume wangu juu yake amelala chali, mikono kifuani, kofia kichwani, viatu vinang'aa. Watu walipita kwa vidole vya miguu. Mama mmoja aliyebeba mtoto alisema, "Maskini, amechoka," na nilimpenda mama yule.

Ya pili aliingia Mwewe.

Aliingia na sare yake, helmeti kwapani. Waliokuwamo walidhani ni sehemu ya onyesho, wakamfungulia njia. Naye akaona wamedhani hivyo. Ukimtazama vizuri usoni unaona dakika ile ile alipoona. Akaanza kunyata kwa madaha, goti juu, goti chini, kidole mdomoni kuwanyamazisha. Wakaanza kucheka kwa kujiziba. Akainama juu ya mume wangu mpaka pua zikakaribia kugusana, akakaa hivyo kitambo, akisikiliza. Halafu, taratibu, akainyanyua kofia. Akaivaa juu ya kichwa chake, akainama kama mwigizaji. Makofi!

"Nani mwingine anaweza?" akauliza kwa mnong'ono uliosikika mpaka kwenye simu. "Ila kibao kinasema msimwamshe."

Basi ukawa mchezo. Mmoja alichukua filimbi. Mwingine tochi. Bwana mmoja mnene, mwenye shati la kupigiwa pasi na mtu mwingine, alimfungua mkanda huku mkewe akimrekodi na kumwambia, "Taratibu baby, taratibu!" Aliyekata vifungo alikuja na mkasi wake mdogo wa kucha, alikata na kile nilichokishona. Binti msanii alionekana pembeni, mikono mdomoni. Nilidhani ameshtuka. Kumbe alikuwa amefurahi.

"Ona alivyolala!" Mama Redio alisema. "Kama gogo!"

"Hajalala," nikasema.

"Nini?"

"Hajalala. Yuko chali na mdomo umefungwa. Na hakoromi."

"Mwenzangu, mtu anavuliwa mkanda na hajalala? Basi amekufa."

Wakamvua kiatu cha kulia. Na hapo kokoto ikadondoka. Ilisikika kabisa ikigonga sakafu, ikabingirika, ukumbi ukaangua kicheko, na mtu akasema, "Huyu anatembea na nyumba yake!" Alikuwa ameitia. Usiku wa kulipwa alale, mkono wake wenyewe uliokota kokoto mlangoni pangu kwa mazoea, na kwa saa zote zile alikuwa amelala nayo chini ya kisigino. Walimvua soksi, wakaonyeshana kiraka changu. Wakaonyeshana kisigino. Msichana mmoja aliyekuwa akichora watoto nyuso nje ya duka aliingia na brashi, akamchora macho juu ya kope, meupe, makubwa, na mboni nyeusi katikati. Watu walilia kwa kucheka. Mlinzi amelala, macho yako wazi.

Niliona kidole gumba cha mguu kikijikunja, kikajikunjua. Labda alikuwa anahesabu kitu, au anasali.

"Mama," mkubwa akasema nyuma yangu, "kwa nini baba hawakemei?"

"Yuko kazini," nikamwambia.

Mama Redio aliacha kucheka. Nimpe haki yake, aliacha. Alijifunga kanga, akasema, "Basi mimi naenda," na akaenda bila kuniangalia.

Nilirudisha cherehani. Mji ulikuwa bado unapiga ngoma wakati ule mkono ulipokuja. Ulisukuma polepole, ukatulia, ukasukuma tena. Nilikuwa nimeegemeza mgongo kwenye chuma, nikahisi mbao zinanigusa. Sikuuliza nani. Siku zote haukuwa na sauti, lakini usiku ule ulikuwa umeona video kama kila mtu, ukapata la kusema. Ulicheka kidogo puani, ukanong'ona kwenye ufa:

"Usimwamshe."

Halafu nyayo zikaondoka, bila haraka.

Asubuhi kulishakucha na jua limeshaingia uani kitasa kilipolia. Mara moja, mara mbili. Nilivuta cherehani kwa nguvu nilizokuwa nimebakiza. Alisimama pale na kandambili za kuazima, suruali ameifunga kwa kamba ya katoni, shati wazi mpaka kitovuni. Akanitazama, akapepesa, na macho yale mengine yakanitazama. Mdogo alipiga ukelele akakimbilia chini ya kitanda.

Na yeye alikuwa anacheka kwa furaha! Hilo ndilo lililonimaliza.

"Nimeweza," alisema. "Mama watoto, sikufumbua. Kengele imelia nikiwa nimefumba. Mlango wa mchana ni wetu."

Nilimketisha kwenye kigoda, nikachukua mafuta ya kupikia na kitambaa, nikaanza kumsugua kope. Ilikuwa rangi ya mafuta, haikutaka kutoka. Nilimuuliza polepole kama alijua ni nani.

"Karafuu," alisema. "Alinipumulia usoni. Nilimjua tangu mlangoni, hata anavyoburuta soli."

"Na ukamwachia kofia?"

"Ningefumbua ningeipata kofia na kuupoteza mlango." Akatulia niendelee kumsugua. "Kofia ya nini? Kuanzia kesho sivai kofia tena."

"Na wale wengine?"

"Wale si watu wabaya. Walidhani nimelala."

Nilitaka kumwambia kwamba aliyelala ndiye asiyeguswa, lakini rangi ilikuwa imemwingia jichoni, nikamwacha.

Usiku uliofuata hakuenda lindoni, maana bila kofia asingepangwa. Alikaa nasi. Huo ndio usiku mmoja nilioupata. Hakulala, angelalaje usiku? Alikaa mbele ya mlango bila cherehani, mikono magotini, na mkono haukuja. Mikono ya namna ile ina macho. Baadaye nilimsikia amesimama kando ya kitanda cha watoto.

"Kumbe huyu mdogo anaongea usingizini," aliniambia gizani. "Ulikuwa unajua?"

"Siku zote."

"Anasema nini?"

"Hakuna anayemwelewa."

Alisimama pale mpaka jogoo wa kwanza.

Jumatatu nilimsindikiza. Kope zilikuwa bado na ukingo mweupe, na akipepesa watu barabarani waligeuka. Alitaka aanzie kampuni, aage vizuri, arudishe sare, kama mtu mwenye heshima zake. Mimi nilibaki getini. Gwaride lilikuwa limesimama, na walinzi walipomwona hakuna aliyecheka kwanza. Walicheka alipopepesa.

"Umekuja kuaga?" meneja alimwambia. "Unaaga na sare ya nani? Mkanda uko wapi? Kofia?"

"Kofia anayo msimamizi."

"Msimamizi ameacha kazi jana. Wewe unajua wateja wangapi wamenipigia? Wote wameliona jina la kampuni, wamelisoma vizuri sana, juu ya mtu anayevuliwa viatu. Sema hapa mbele ya wenzako. Ulilala?"

Pale angeweza kusema. Wanaume wote waliokuwa pale waliwahi kulisema neno lile na hawakufa.

"Sikulala," alisema.

Hapo gwaride zima lilipasuka. Hata mpishi alitoka jikoni kuuliza kuna nini.

"Haya, Bundi," meneja alisema akijifuta machozi. "Kalete kofia ndipo nikuachie vizuri. Bila kofia hata cheti cha kazi sikupi."

Tulikwenda kwa miguu mpaka jumba la sanaa. Njiani aliinyoosha kola yake. "Huku ndiko," alisema. "Kule kulikuwa kumeshaisha, wacha wacheke."

Jumba la sanaa lina mlango wa kioo, mpana, unaona mpaka ndani. Kwanza niliona sanduku la kioo juu ya meza nyeupe, taa imelielekea. Ndani yake ilikuwa kofia ya mume wangu. Pembeni yake, juu ya kitambaa, kokoto. Halafu nikaona meza ya bawabu, na nyuma ya meza, na koti jipya la buluu lenye vifungo vya dhahabu, Mwewe, anatafuna.

Mume wangu hakushtuka. Alisimama tu, kama mtu aliyesahau alichofuata. Wakati huo binti msanii aliteremka kwenye gari nyuma yetu, akaja mbio na mikono wazi.

"Baba! Baba yangu! Ulikuwa mzuri mno! Watu bado wanalia!"

"Nimekuja kuanza kazi, binti yangu," mume wangu alisema.

Uso wa binti ulibadilika, ukawa wa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko cha gwaride.

"Lo, baba. Nilijaribu. Haki ya Mungu nilijaribu. Lakini mkurugenzi alikuwepo, aliona mwenyewe. Anasema, mtu anavuliwa mpaka soksi na hasikii, huyo atanilindia picha za watu? Nami nikakosa la kumjibu, baba, maana uliulala ule usingizi kweli kweli. Na yule mwenzako alikuwa macho, mchangamfu, watu walimpenda..."

"Sikulala," mume wangu alisema.

"Unasemaje?"

"Nilikuwa macho. Wote niliwasikia. Ulisema nisifumbue, sikufumbua. Mpaka kengele."

Binti alirudi nyuma hatua. Nilimwona akihesabu kichwani, na hesabu ilipotimia macho yake yalikuwa makavu.

"Yaani ulikuwa unajifanya?" alisema polepole. "Baba, mimi niliwaambia watu ni usingizi wa kweli. Imeandikwa humo ndani ukutani, usingizi wa kweli. Hicho ndicho kitu chenyewe. Sasa unaniambia ulitudanganya sote?"

"Mwanangu," nikaingilia, maana nilishindwa, "akiwa alilala hafai mlango, akiwa hakulala mwongo. Sasa unataka awe nini?"

"Mama, tafadhali usipaze sauti. Mimi ndiye ninayeumia hapa." Akamshika mume wangu mkono kwa vidole viwili, kwa upole. "Tusimwambie mtu, sawa? Libaki letu. Ukisema ulikuwa macho, nitaonekana mimi ndiye tapeli."

"Basi nipe kofia yangu," mume wangu alisema. "Kampuni wanaitaka."

"Kofia imeshaingia kwenye maonyesho, baba. Haishikwi tena. Inasafiri, itakwenda nchi nyingi. Mbona ni heshima kubwa!"

Akapanda ngazi. Mwewe alikuwa ameshainuka. Alimfungulia kwa kuinama, "Karibu, madamu," binti akapita, harufu ya karafuu ikatufikia, na kabla mume wangu hajanyanyua mguu, mlango ukawa umefungwa. Tukasikia ufunguo ukizunguka.

Niliupiga kioo kwa kiganja. "Mkono uliochukua ndio unaorudisha!" nikamwambia. "Si ndiyo sheria yenu? Fungua!"

Mwewe alitutazama kutoka ndani. Akatutazama kwa raha, kama mtu aliye mezani. Halafu akaunganisha viganja, akaviweka chini ya shavu, akafumba macho, akalaza kichwa. Akakaa hivyo. Nyuma yake taa ya sanduku ilikuwa inawaka juu ya kofia, na watalii wawili walikuwa wameinama wakiisoma.

Niliendelea kupiga mpaka kiganja kikafa ganzi. Mume wangu alinishika bega akanisogeza pembeni, taratibu, kama anavyonisogeza kwenye cherehani. Akakishika kitasa. Akakibonyeza, akavuta. Akakibonyeza tena. Akakiachia, akarudi nyuma hatua moja, kichwa wazi juani.

"Umefungwa vizuri," alisema.